Kidari cha Wakubwa Wanane

Mimi Dorkasi si mtu wa kushangaa ovyo. Siku ndege ilipopita chini chini juu ya kijiji chetu cha Ng'wamhuli, wenzangu walikimbilia nje na watoto mgongoni. Mimi niliendelea kupepeta mtama wangu, maana ndege haikuja kunisaidia. Ndivyo nilivyoumbwa. Kwa hiyo nikikuambia kwamba mwaka ule wa mkutano wa wakubwa wanane nilipigwa na bumbuwazi mara mbili, na mara ya pili nikalia mbele ya wanaume, usidhani natia chumvi.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Bariadi ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, na Simiyu lilikuwa jina la mto tu. Chama cha ushirika kilikuwa kimejifia, ghala lake pale kijijini limebaki na popo na harufu ya pamba ya zamani. Pamba yetu sasa ilinunuliwa na watu binafsi waliokuja na malori, kila mmoja na mizani yake na kila mmoja na bei yake. Msimu mwingine hawakuja kabisa.

Bundala, mume wetu, alifariki akatuacha wajane wawili na maksai wawili. Nyanjige ndiye mke mkubwa, na maksai wake aliitwa Skania. Mimi ndiye mdogo, na wangu aliitwa Bedifodi. Bundala aliwapa majina ya malori yaliyokuwa yakisomba pamba ya ushirika, kwa kuwa aliyapenda malori kuliko alivyotupenda sisi. Skania alikuwa mwekundu mwenye baka jeupe usoni, mtulivu, na katika kulima alifundishwa kutembea ndani ya mfereji unaochimbwa na plau. Bedifodi wangu mweusi alitembea juu, kwenye ardhi ngumu. Ukiwabadilisha pande wanasimama tu wanakutazama. Mimi na Nyanjige hatukuwa watu wa kuombana chumvi, lakini mvua ya kwanza ikinyesha tuliwafunga nira pamoja, leo kwake, kesho kwangu, na hivyo ndivyo nyumba mbili zilivyokula. Maksai mmoja halimi. Hilo kwetu mtoto analijua kabla hajajua kunawa uso.

Sasa, mwezi wa sita, wakati wa kuchuma pamba, alikuja kijana mmoja aitwaye Dastan. Alikuwa ofisa wa shirika la kutetea wakulima lenye ofisi yake Bariadi mjini. Alikuja kwa pikipiki, amevaa viatu vyeupe, na nyuma amefunga gunia jipya tupu. Luhaga akapiga filimbi, tukakusanyika mbele ya ghala la ushirika. Luhaga huyu alikuwa nsumba ntale wetu, yaani mkuu wa kazi za pamoja kijijini: akisema leo tunalima kwa fulani, tunalima, asiyefika anatozwa. Ni mtu wa sauti kubwa na kichwa kigumu, na mimi na yeye tulikuwa tukigombana tangu utotoni.

"Mwezi ujao," Dastan akasema, "viongozi wa nchi nane zenye uchumi mkubwa duniani watakutana. Wanane tu. Watakaa meza moja, siku tatu."

"Wanane tu?" akauliza mzee Nkinda, ambaye zamani ndiye aliyekuwa mpima mizani wa ushirika.

"Wanane tu, mzee wangu."

"Dunia yote hii?"

"Wakikohoa wao, sisi tunapata mafua," akasema Dastan, na akatueleza. Kwamba hoteli watakayokaa itazungukwa na askari wengi kuliko watu wote wa Bariadi. Kwamba bahari itafungwa, na anga itafungwa, ndege hata moja isipite. Kwamba wanachokubaliana pale kwa kutikisa kichwa kinashuka ngazi kwa ngazi, mji kwa mji, mpaka kinafika kwenye mizani inayopima pamba yetu. Wakulima wa kwao, alisema, wanalima pamba kama sisi, lakini serikali zao zinawapa fedha ili waiuze rahisi, na ndiyo sababu ya kwetu haina mnunuzi.

"Na pamba," akauliza Nyanjige kutoka kule nyuma, "itatajwa?"

"Itatajwa, mama. Ipo kwenye ajenda."

Hapo ndipo nilipopigwa na bumbuwazi mara ya kwanza. Sikupenda, lakini lilinipata. Niliangalia vidole vyangu vilivyochanwa na maganda ya pamba tangu nikiwa binti. Nikafikiri: kitu hiki ninachokipalilia nikiwa nimeinama, kikae mdomoni mwa mtu ambaye anga inafungwa kwa ajili yake! Tukawasikia popo wakijipanga ghalani. Hata Luhaga alisahau filimbi yake mdomoni.

Dastan akafungua gunia. Akasema kila nyumba itoe konzi moja ya pamba. Gunia litapelekwa Dar es Salaam, likusanywe na mengine, yasafirishwe mpaka huko ng'ambo, na pamba imwagwe barabarani mbele ya lango la mkutano, ili wakubwa wapite juu yake na wakumbuke.

"Barabarani?" nikasema. "Pamba niliyoichuma kwa kucha zangu ikakanyagwe?"

"Ni ishara, mama."

Watu wakaguna. Ndipo Luhaga akatoa filimbi mdomoni, akauliza swali lake.

"Sasa hao wanane wakikaa, watakula nini?"

Dastan akacheka. Alidhani ni mzaha. "Hao, kaka? Wana wapishi wao. Watakula samaki wa bahari, watakula nyama, watakunywa mvinyo. Chakula si tatizo lao."

"Chakula chao ni chao," Luhaga akasema. "Mimi nauliza chakula chetu. Wataamuaje shauri letu kwa chakula chao wenyewe? Mkono mtupu haulambwi."

Ngoja nikueleze hapa, usije ukadhani tumerukwa na akili. Kwetu mtu mwenye shauri haendi kwa banamhala, wale wazee waamuzi, bila kitu. Anapeleka mnyama. Mnyama anachinjwa, wanaokaa barazani wanakula, ndipo maneno yanaanza. Na jambo hili lina masharti. Kwanza, mnyama atoke kwenye nyumba isiyo na kinyongo. Kama kuna hata mmoja anayenung'unika, baraza litavunjika kwa ugomvi. Halafu, aliyekula amefungwa. Hainuki mpaka shauri limekwisha, liwe la siku moja au la mwaka. Bundala alipogombania mpaka wa shamba na jirani, mzee mmoja alikula figo za mbuzi wetu, kisha akashikwa na homa kali. Walimbeba na kitanda chake mpaka barazani. Aliamua akiwa amejifunika blanketi mpaka puani, kwa sababu alikuwa amekula.

Dastan akasema kwamba ng'ombe hawezi kupelekwa ng'ambo, hata ulimi wake tu hauwezi.

"Hatujasema apelekwe," Luhaga akamjibu. "Sisi si wajinga. Tutamchinja hapa, saa ile ile wanayokaa wao. Hapa ndipo shauri lilipo. Kidari, sehemu ya mkubwa wa baraza, kitakuwa chao. Swali ni moja: nani mwenye shauri?"

Mwenye shauri ndiye mtoa mnyama. Watu wakaanza kutazama chini. Kila mtu alikuwa na kisa cha pamba, lakini ghafla kila mtu akaona kisa chake ni kidogo.

Nyanjige akasimama. Mwanamke mrefu, mkimya, hata mazishini hujui kama analia. "Mimi," akasema. "Msimu uliopita nilichuma, nikabeba mpaka kwenye kituo cha kununulia, mnunuzi ameshaondoka. Nikairudisha nyumbani. Mpaka leo ninalala juu ya pamba. Panya wamezaa ndani yake, mvua imeingia, imeota weusi. Watu wananisifu nina godoro. Mimi ndiye mwenye shauri, na ng'ombe wa baraza ni Skania."

Watu wakapiga vigelegele. Mimi sikupiga.

Nilimfuata hadi zizini kwake. Sikumsalimu.

"Dada," nikamwambia, na dada nilikuwa simwiti ila nikiwa nimekasirika, "huyo Skania ni wako peke yako?"

"Ni wangu. Marehemu alinigawia."

"Na mguu wake wa kulimia ni wa nani? Ukimchinja Skania umemchinja Bedifodi. Umenichinja mimi na wanangu. Mvua zikija tutalima na nini, na kidari cha wakubwa?"

Alikuwa akimkuna Skania nyuma ya pembe, pale anapopapenda. Hakugeuka.

"Dorkasi," akasema, "toka nizaliwe mimi ndiye ninayekaa kwa ajili ya watu. Nimekaa kwa ajili ya mume, kwa ajili ya wagonjwa, kwa ajili ya maiti. Hata siku moja watu hawajawahi kukaa kwa ajili yangu. Sasa wanakaa. Wanane, wa dunia nzima, na bahari imefungwa. Na mimi niende mikono mitupu?"

"Hawakujui!"

"Ndiyo maana napeleka ng'ombe."

Nikamwambia maneno mengine ambayo mke mdogo hamwambii mke mkubwa, nikaondoka. Njiani nilikuwa tayari najua nitakachofanya. Siku ya kuchinja, nsumba ntale huuliza mbele ya watu wote kama nyumbani kwa mtoaji kuna mwenye kinyongo. Mimi ni wa nyumba ile ile ya Bundala. Nitasema ninacho, Skania atafunguliwa kamba, mambo yatakwisha. Nililala vizuri usiku huo.

Siku ikafika. Kwa mahesabu ya Dastan, kwetu alasiri ndiyo kwao wakati wa kuingia mkutanoni. Ghala la ushirika lilifagiliwa kwa mara ya kwanza tangu lifungwe. Watu walivaa nguo za Jumapili, Wakatoliki na sisi wa Afrika Inland pamoja. Mzee Nkinda alileta redio yake akaiweka juu ya mizani mbovu ya zamani, na mtangazaji akasema, kwa Kiswahili safi kabisa, kwamba viongozi wameanza kuwasili, mmoja baada ya mwingine. Kila nchi ilipotajwa, wazee waliokuwa wamekaa waliinuka kidogo, kama wanavyofanya mgeni anapoingia. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Mimi nilikuwa nimejiandaa kucheka lakini kicheko hakikuja.

Nyanjige akaja na Skania. Alikuwa amemwosha. Yale manyoya mekundu yaling'aa, na lile baka la usoni lilikuwa jeupe kama unga. Skania alipita katikati ya watu bila kuvutwa, anatembea kwenye mstari ulionyooka, kwa mwendo ule ule wa mferejini. Nililima na ng'ombe huyu misimu kadha wa kadha nikiwa nyuma yake, nikiona makalio tu. Siku ile nilimwona usoni, na sikujua kwamba alikuwa mzuri kiasi kile.

"Mwadila," Luhaga akasalimu, na sote tukaitikia. Sauti yake kubwa aliishusha. "Nyumbani kwa Bundala. Kuna mwenye kinyongo?"

Watu walinijua, kwa hiyo wote walinitazama mimi. Neno lilikuwa limekaa tayari ulimini. Nikamtazama Nyanjige ili anione ninavyolisema. Yeye hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama ile redio juu ya mizani, midomo imeachana kidogo, kama msichana aliyesimamishwa kanisani siku ya kipaimara. Uso ule sijawahi kuuona, hata siku ya harusi yangu aliponipokea mlangoni. Alikuwa anaamini. Mwanamke aliyelala mwaka mzima juu ya pamba iliyooza alikuwa anaamini kwamba anakaliwa baraza na dunia. Nikaona kwamba nikifungua mdomo sitamwokoa ng'ombe tu, nitazima na kile kilichowaka pale.

"Sina," nikasema.

Luhaga akauliza tena, maana hakuamini.

"Nimesema sina! Unataka niimbe?"

Skania akachinjwa. Sitaeleza. Nyama ilikuwa tamu, Mungu anisamehe, na watu wote walikula, nyumba kwa nyumba, mpaka walokole wawili wasiokula nyama za mila wakala wakidai ni za maendeleo. Kidari kikachomwa peke yake, kikawekwa kwenye sinia mbele ya Dastan.

"Hapana, hapana," Dastan akasema. "Hiki ni cha viongozi. Mimi ni ofisa mradi tu."

"Mjumbe hula kwa niaba," Luhaga akamwambia. "Habari yao umeleta wewe. Pamba yetu unapeleka wewe. Wewe ni mdomo wao hapa."

Dastan akatazama kushoto na kulia, akala. Alikula chote, maana kidari cha maksai aliyetunzwa hakikataliki. Kisha akafunga gunia la pamba kwenye pikipiki, konzi ya Nyanjige ikiwa ile nyeusi iliyooza juu kabisa, akaondoka zake Bariadi.

Siku tatu tulisikiliza redio. Tuliambiwa wakubwa wamepiga picha. Tuliambiwa wamekula chakula cha jioni na wake zao. Siku ya mwisho likasomwa tamko lao, refu, na mzee Nkinda akatunyamazisha mpaka watoto wa mgongoni. Walizungumzia mafuta, walizungumzia vita, walizungumzia hali ya hewa. Kuhusu kilimo wakasema wataendelea na mazungumzo katika vikao vitakavyofuata. Neno pamba halikutajwa. Tulingoja hata matangazo ya vifo yaliyofuata, labda limeangukia huko.

Mimi nilikuwa wa kwanza kucheka, kicheko kibaya. "Haya, mmesikia? Wapiganapo tembo nyasi huumia, na sisi nyasi tumewapa na ng'ombe!" Luhaga alizima redio, akaondoka bila kuaga. Nikadhani ni aibu. Nyanjige alikunja kanga yake akaenda kuchota maji.

Miezi ya kiangazi ilikuwa mirefu. Nilijaribu kumfunga Bedifodi nira na punda wa binamu yangu. Punda alipiga mateke, Bedifodi akalala chini. Nikajaribu na ng'ombe jike, Bedifodi akakaa kumnusa badala ya kuvuta. Jioni Bedifodi alienda kusimama zizini kwa Nyanjige, upande wa kulia, akaacha nafasi ya mwenzake kushoto. Nilimpiga fimbo arudi nyumbani, kisha nikajificha jikoni kwa sababu macho yaliniwasha, na haukuwa moshi.

"Tutafanyaje?" nilimwuliza Nyanjige mwezi wa kumi, nilipoona mawingu ya kwanza upande wa ziwani.

"Baraza halijaisha," akanijibu.

"Limeisha! Wamerudi makwao! Bahari imefunguliwa!"

"Hukusikia wakisema wataendelea?"

Niliona amepotea. Nikaenda kwa Marcelo, mnunuzi wa ng'ombe wa mnadani, tukakubaliana: mvua ikinyesha na Bedifodi hana mwenzake, namleta. Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Wangu alikuwa dume, maksai, na nusu ya jozi.

Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi, usiku kucha, ile mvua nzito inayonukisha udongo mpaka mtu anatamani kuula. Alfajiri nilichukua kamba. Nilimfunga Bedifodi shingoni, nikamwambia twende. Alinifuata vizuri tu, anadhani tunakwenda kulima. Sikuweza kumtazama.

Tulipofika kwenye njia panda, nikasikia filimbi.

Nikasimama. Filimbi ya Luhaga siku ya mvua ya kwanza haipigwi. Siku hiyo kila mtu yuko shambani kwake, hata mchungaji huwezi kumpata. Kisha nikasikia minyororo ya plau. Haikuwa ya plau moja. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mbuga, na kutoka ndani ya ukungu ule zikaanza kutokea pembe, jozi kwa jozi, maksai weupe na weusi na wa madoa, na nyuma yao wanaume wamekunja suruali, na wanawake na majembe begani, na wengine na vibuyu vya mbegu. Kijiji kizima kilikuwa kinakuja. Wale walokole wawili walikuwemo. Walipita mashamba yao wenyewe yaliyolowa, mazuri, yanayongoja, wakayaacha, wakaja mpaka kwenye mpaka wa shamba langu na la Nyanjige, wakasimama.

Nilidhani kuna msiba.

"Mwangaluka, mayo," Luhaga akaniamkia, akiniita mama.

"Mwangaluka. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Tumekuja barazani." Akavua kofia, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia. "Nimewafikiria wale wakubwa miezi yote hii, Dorkasi. Nilitaka niwakasirikie. Halafu nikajiuliza, je, walikula? Hawakula. Mtu asiyekula hafungwi. Ng'ombe tulimla sisi, mimi nilikula nundu. Shauri la Nyanjige liko tumboni mwetu, na hatuwezi kuinuka mpaka liishe. Pamba yake kuuzwa hatuwezi. Lakini kulima tunaweza, mwaka huu na mwaka ujao, mpaka nyumba ya Bundala ipate maksai mwingine."

Mzee Nkinda akasogea na maksai wake mweupe. Mwenzake alikuwa amevunjika kwato, amebaki zizini. "Huyu wangu hutembea mferejini," akasema. "Nilimpima kwanza."

Tukawafunga nira. Bedifodi akasimama akimtazama mgeni. Akamnusa shingo. Kisha akaweka mguu wake juu ya ardhi ngumu, upande wake ule ule wa siku zote, akavuta, na plau ikazama. Udongo mweusi ukageuka, unang'aa. Nyuma yake jozi nyingine ikaingia, na nyingine, na nyingine, shamba lote mpaka kwenye mkuyu wa mtoni, na minyororo ikalia, na watu wakaanza kuimba wimbo wa kulima. Hapo ndipo bumbuwazi la pili liliponipata. Nilikaa chini kwenye matope na kamba ya mnada mkononi. Nilifikiri juu ya ile meza ya ng'ambo na askari wote wale, na ndege zilizozuiwa. Sikuona kama ilikuwa kubwa kuliko hii. Nikalia, na wanaume wakaniona.

Jua lilipopanda kidogo ikaja pikipiki inateleza huku na huku. Ni Dastan. Luhaga alikuwa amemtumia ujumbe: aliyekula kidari aje.

"Mama zangu, nimekuja kueleza," akaanza, akihema. "Lile gunia lilifika Dar. Lilikokwenda baada ya hapo, nasema ukweli, sijui. Nimeuliza, sijajibiwa. Naomba radhi."

"Ulikula?" nikamwuliza.

"Nini?"

"Kidari. Ulikula hukula?"

Akatazama chini. "Nilikula, mama."

"Basi shika hapa." Nikamkabidhi mikono ya plau. Akazama matope mpaka kwenye kifundo, na vile viatu vyeupe sikuviona tena. Mstari wake ulipinda kama mkojo wa ng'ombe anayetembea, lakini aliumaliza, akarudi, akaanza mwingine. Hakuondoka mpaka jioni.

Nyanjige alikuwa amesimama kwenye mpaka, katikati ya shamba lake na langu, mikono imekunjwa kifuani. Nilijifuta matope nikaenda kusimama kando yake. Hakunitazama. Alikuwa na uso ule ule wa siku ya redio, midomo imeachana kidogo, anawatazama watu wanavyokwenda na kurudi.

"Umeona?" akasema taratibu. "Wamekaa. Wamekaa kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yetu," nikamsahihisha, maana Bedifodi alikuwa wangu.

Kisha akanisogelea mpaka bega lake likagusa langu, akasimama hapo, upande wa kushoto, ule wa Skania.